Nani anachora ramani ya ligi? Lubumbashi kati ya African Football League na Linafoot

Mwezi wa Novemba 2019, TP Mazembe ilisherehekea miaka 80 tangu ianzishwe. Kati ya wageni waliofika Lubumbashi alikuwemo Gianni Infantino, mkubwa wa FIFA. Hakuishia kwenye pongezi. Alipendekeza zichaguliwe klabu 20 bora za Afrika na ziwekwe katika ligi moja ya bara zima, ligi ambayo kwa hesabu yake ingeweza kuingiza walau dola milioni 200 na kuhesabiwa kati ya ligi kumi kubwa za dunia.

Kwa hiyo wazo hilo lilitangazwa hapa kwetu, si Zurich wala Cairo. Tangu siku ile limepata jina, likachezwa mara moja, kisha likanyamaza. Na katika miaka hiyohiyo ligi yetu ya taifa, Linafoot, imegawanywa katika makundi mawili ili kupunguza safari na gharama.

Mambo haya mawili yanaonekana kuwa mbalimbali. Moja ni ndoto ya matajiri, lingine ni hesabu ya maskini. Lakini swali ni moja: nani anachora ramani ya ligi, na anafuata nini anapoichora? Jibu lake linagusa kila mkaaji wa Lubumbashi anayevaa nyeusi na nyeupe ya Mazembe au bluu na njano ya Lupopo, na pia kila mzazi ambaye mtoto wake anaota kwenda kucheza mpira wa kikapu Marekani. Maana huko Marekani ramani hii imekwisha kuchorwa upya, na tunaweza kuona nani alifaidika na nani aliachwa njiani.

Kutoka klabu 24 hadi klabu 8

Tuanze na ahadi. Agosti 2022, katika mkutano mkuu wa CAF mjini Arusha, Patrice Motsepe alitangaza ligi mpya ya Afrika: klabu 24, makundi matatu kufuatana na kanda, zawadi za jumla ya dola milioni 100, na bingwa kuondoka na zaidi ya dola milioni 11. Kila shirikisho la taifa liliahidiwa dola milioni 1 kwa mwaka. Kwa nchi ambayo klabu zake zinahangaika kulipa tiketi za ndege, hesabu hizo zilikuwa kama mvua baada ya kiangazi.

Mwaka mmoja baadaye, mvua ilikuwa manyunyu. African Football League ilianza tarehe 20 Oktoba 2023 mjini Dar es Salaam ikiwa na klabu 8 tu: Al Ahly ya Misri, Wydad ya Morocco, Espérance ya Tunisia, Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, Simba ya Tanzania, Enyimba ya Nigeria, Petro Atlético ya Angola na TP Mazembe yetu. Bingwa alipangiwa dola milioni 4. Hata makundi ya kanda hayakuwepo tena. Zilikuwa mechi za nyumbani na ugenini, unayeshindwa unarudi kwenu.

Mazembe haikupokea wageni wake Kamalondo. Mechi yake ya nyumbani dhidi ya Espérance ilichezwa tarehe 22 Oktoba katika uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Mazembe ilishinda 1-0. Siku tatu baadaye, katika uwanja wa Radès, ilifungwa 3-0 na safari ikaishia hapo. Ubingwa ulikwenda kwa Sundowns, iliyoishinda Wydad kwa jumla ya mabao 3-2 mwezi wa Novemba.

Mwaka 2024 toleo la pili halikuchezwa.

Tulitazame hilo kwa utulivu, bila kucheka wala kulia. Ligi iliyotangazwa hapa Lubumbashi haikuchezwa Lubumbashi hata dakika moja. Mshabiki wa Kamalondo aliiona kwenye televisheni, kama alivyoiona mtu wa Tunis au wa Pretoria. Lakini mama anayeuza maji na karanga karibu na uwanja, kijana wa pikipiki anayebeba washabiki, mwenye kilabu kidogo kando ya barabara, hao wote hawakuuza chochote siku ile. Klabu ilipata mwaliko; mji haukupata mechi.

Marekani: konferensi ya miaka zaidi ya mia ilivyovunjika

Ili kujua ramani ya namna hii inakwenda wapi, twende mahali ambapo imefika mbali zaidi: michezo ya vyuo vikuu vya Marekani.

Kule, vyuo vikuu vinacheza katika vikundi vinavyoitwa konferensi. Zamani konferensi ilikuwa jambo la jirani na jirani. Vyuo vya pwani ya magharibi vilicheza pamoja, vya kusini pamoja, vya kaskazini pamoja. Wanafunzi walisafiri kwa basi au kwa treni, washabiki wakafuata, na ushindani ukapita kutoka kwa baba hadi kwa mtoto, kama ule wa Mazembe na Lupopo, ambazo zote mbili zilizaliwa mwaka 1939 katika mji mmoja.

Konferensi ya pwani ya magharibi, iliyokuja kuitwa Pac-12, ilikuwa na mizizi tangu mwaka 1915. Tarehe 30 Juni 2022, vyuo viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vilitangaza kwamba vinahamia Big Ten, konferensi ambayo makao yake ni katikati na kaskazini ya nchi, mbali sana na bahari ya Pasifiki. Sababu haikufichwa. Agosti ya mwaka uleule Big Ten ilisaini mikataba ya televisheni ya miaka saba na kampuni za Fox, CBS na NBC, yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Anayekaa ndani ya kundi hilo anakula. Anayekaa nje anatazama wenzake wakila.

Baada ya hapo nyumba ilianguka haraka. Mwezi wa Julai 2023 Colorado iliondoka kwenda Big 12. Tarehe 4 Agosti, kwa siku moja, Oregon na Washington zilikwenda Big Ten, na Arizona, Arizona State na Utah zikaifuata Colorado. Mwanzo wa Septemba, Stanford na California zilipokelewa na ACC, konferensi ambayo jina lake lenyewe linataja pwani ya Atlantiki, upande wa pili wa nchi. Kati ya vyuo 12 vilibaki viwili: Oregon State na Washington State. Vilikuwa havijafanya kosa lolote uwanjani. Kosa lao lilikuwa kukaa katika miji midogo ambayo kampuni za televisheni hazikuihitaji.

Leo Big Ten ina vyuo 18, kutoka New Jersey hadi Los Angeles, karibu kilomita 4,000 kwa ndege. Binti anayecheza voliboli na kijana wa mbio ndefu wanavuka nchi nzima katikati ya wiki kwenda kushindana, kisha wanarudi kufanya mtihani. Mkataba uliandikwa kwa ajili ya mpira wa miguu wa Kimarekani, lakini safari wanalipa wote.

Mtoto wa Lubumbashi ndani ya ramani hiyo

Msomaji anaweza kusema: hayo ni ya Wamarekani, yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu mmoja wa wachezaji wakubwa walioishi ndani ya mfumo huo ni mtoto wa mji huu. Oscar Tshiebwe alizaliwa Lubumbashi mwaka 1999. Alikwenda Marekani akiwa kijana, akasoma sekondari huko, kisha akaingia chuo kikuu cha West Virginia mwaka 2019.

West Virginia yenyewe ni mfano wa ramani iliyochorwa upya. Mwaka 2012 chuo hicho kiliacha konferensi ya Big East, ambayo katika miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa maarufu kwa mpira wa kikapu na ambamo Dikembe Mutombo wetu alichezea Georgetown. Kikaingia Big 12, ambamo mwenzake wa karibu kabisa alikuwa zaidi ya kilomita 1,000. Fikiria Lupopo inayoambiwa kwamba jirani yake wa kucheza naye yuko mbali hivyo, na wengine wako mbali zaidi.

Mwanzo wa 2021 Tshiebwe alihamia Kentucky, chuo cha konferensi ya SEC, moja ya zile mbili zenye nguvu zaidi ya pesa leo. Msimu wa 2021-2022 alikuwa wa kwanza nchini kwa kuchukua mipira inayorudi kutoka kwenye kikapu, zaidi ya 15 kwa kila mchezo, na akapewa tuzo za mchezaji bora wa vyuo wa mwaka. Kijana wa Lubumbashi alikuwa juu ya wote.

Lakini hata juu kule mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa na makampuni kwa matumizi ya jina na sura zao. Tshiebwe, kama wanafunzi wengi wa kigeni, alikuwa na viza ya masomo, na viza hiyo haimruhusu mtu kufanya kazi ya namna hiyo katika ardhi ya Marekani. Ilibidi atumie safari ya timu yake kwenda Bahamas, Agosti 2022, ili afanye kazi ya mikataba yake akiwa nje ya nchi. Na mwaka 2025, mahakama ilipokubali tarehe 6 Juni kwamba vyuo vyenyewe vinaweza kugawia wanamichezo wao hadi karibu dola milioni 20.5 kwa mwaka kila chuo, swali la viza lilibaki palepale.

Mzazi wa Lubumbashi anayepigiwa simu na mtu anayemwahidi mtoto wake shule na mpira huko ng'ambo anapaswa kujua hili. Asiulize tu jina la chuo. Aulize chuo kiko katika konferensi gani, mtoto atasafiri umbali gani katikati ya masomo, viza yake inamruhusu kupokea nini, na ikiwa konferensi itavunjika au kocha ataondoka, nafasi ya masomo inabaki au hapana. Aombe majibu kwa maandishi.

Mlango uliobaki wazi

Sasa tufike kwenye somo kubwa zaidi, na tena ni Tshiebwe anayetufundisha, safari hii kwa kushindwa.

Tarehe 17 Machi 2022, Kentucky ilikutana katika mashindano ya taifa na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City ambacho watu wengi wa Marekani wenyewe hawakukijua. Tshiebwe alifunga pointi 30 na kuchukua mipira 16. Hata hivyo, Kentucky ilishindwa 85-79 baada ya muda wa nyongeza. Saint Peter's iliendelea hadi kuingia katika timu nane za mwisho.

Iliingiaje pale? Si kwa mwaliko. Katika mpira wa kikapu wa vyuo, bingwa wa kila konferensi, hata ile ndogo kabisa, ana nafasi yake katika mashindano ya taifa. Mwaka 2022 nafasi hizo zilikuwa 32. Konferensi kubwa zilikuwa zimekwisha kuchukua televisheni, makocha na wachezaji, lakini mlango huo mmoja ulikuwa bado wazi, na chuo kidogo kilipita humo. Ndiyo maana mashindano hayo yanapendwa: mtu wa mji mdogo anajua kwamba timu yake inaweza kufika.

Leteni somo hilo Lubumbashi. Msimu wa 2025-2026, katika makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, timu ya mji wetu iliyocheza haikuwa Mazembe, mabingwa mara tano wa bara. Ilikuwa Saint-Éloi Lupopo, katika kundi moja na Mamelodi Sundowns, MC Alger na Al Hilal ya Sudan. Lupopo haikuwa katika orodha ya klabu 8 za 2023. Kama Afrika ingekuwa na ligi ya walioalikwa peke yao, Cheminots wangebaki nyumbani wakitazama. Waliingia kwa sababu katika Linafoot unapata kile ulichokipigania uwanjani.

Na si Lupopo tu. Pyramids ya Misri haikualikwa mwaka 2023. Mwaka 2025 ilichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika, ikiishinda katika fainali Sundowns, bingwa wa ile ligi ya walioalikwa. Orodha ya wakubwa inachakaa upesi. Anayeifunga leo anafunga mpira wa kesho.

Mazembe ina haki ya kutafuta

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Mtu wa Mazembe ana hoja, na ni hoja nzito.

Klabu hii imechukua ubingwa wa Afrika mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mwaka 2010 ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu, ikaishinda Internacional ya Brazil kabla ya kufungwa na Inter Milan. Mwaka 2011 ilifungua uwanja wake yenyewe Kamalondo. Mwaka 2024 timu yake ya wanawake ilichukua ubingwa wa Afrika. Yote hayo yamejengwa chini ya Moïse Katumbi, anayeiongoza tangu 1997, katika nchi ambayo haki za televisheni haziwezi kulisha klabu hata moja.

Klabu kama hiyo inapata nini katika ligi ya nyumbani? Msimu wa 2022-2023 wa Linafoot haukufika mwisho. Timu inaweza kujiandaa miezi mingi, kisha ligi inasimama. Mchezaji mzuri anaona hivyo, anaondoka kwenda Tanzania au Afrika ya Kaskazini. Kwa hiyo Mazembe inapoitwa kwenye meza ya wakubwa, ikatae kwa nini? USC na UCLA zilisema maneno yaleyale: tukibaki hapa, tutazama pamoja na wengine.

Hoja hiyo ni kweli kwa nusu. Nusu nyingine ni kwamba Big Ten ilikuwa na mikataba ya bilioni 7 ya kugawa. African Football League ilianza na ahadi ya milioni 100 na ikateremka. Tofauti ni mnunuzi. Kule Marekani televisheni ilisaini kwanza, ramani ikafuata. Huku kwetu ramani ilichorwa kwanza, kisha mnunuzi akatafutwa. Mtu hauzi shamba lake kwa sababu amesikia kwamba kuna mji utajengwa.

Makundi mawili ya Linafoot: aibu au akili?

Tangu msimu wa 2023-2024, Linafoot inachezwa katika makundi mawili, kisha timu bora za kila upande zinakutana kugombea ubingwa. Mwaka 2024 ubingwa huo ulikwenda Mazembe. Wengi walilalamika: ligi ya taifa imepasuka, hatuoni tena Mazembe na Vita Club mara kwa mara kama zamani.

Malalamiko hayo yanaeleweka. Lakini tazama ramani. Kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na hakuna barabara wala treni ya kuaminika inayounganisha miji hiyo kwa safari ya timu. Kila mechi ya ugenini ni tiketi za ndege za watu 25 au 30, hoteli na chakula. Kwa upande mwingine, Likasi iko kilomita 120 hivi kutoka hapa, Kolwezi karibu 300. Timu inaondoka asubuhi kwa basi na washabiki wake nyuma.

Na vita vimeongeza ugumu. Goma ilianguka mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari, na kiwanja cha ndege cha Goma kikafungwa. Katika hali hiyo ratiba ya taifa zima haiwezi kuwa ratiba ya kawaida, hata kama FECOFA na Linafoot zingekuwa na pesa.

Kwa hiyo makundi si aibu. Ni jambo ambalo Wamarekani walikuwa nalo zaidi ya miaka mia moja na wakalitupa kwa ajili ya televisheni. Hata wao wanalikumbuka sasa: Oregon State na Washington State ziliamua kuijenga tena Pac-12, zikaita vyuo kama Boise State, San Diego State na Fresno State vijiunge nao kuanzia mwaka 2026. Karibu vyote viko upande uleule wa magharibi. Waliochomwa na umbali wanarudi kwa majirani.

Kinachokosekana kwetu si ligi moja ndefu. Kinachokosekana ni makundi yanayoheshimiwa: ratiba inayojulikana kabla msimu haujaanza, sheria zisizobadilika katikati, waamuzi wanaolipwa kwa wakati, na mechi za mwisho zinazomalizika. Mechi ya Mazembe na Lupopo inaweza kujaza uwanja wowote katika jimbo hili. Ukiipanga vizuri, ukaitangaza mapema, ukahakikisha usalama wa familia kwenye viti, una bidhaa ambayo televisheni yoyote ya Afrika ingeitaka. Hiyo mali iko hapa, haihitaji mwaliko wa mtu.

Upande wa pili wa mpaka

Kuna njia nyingine ambayo haizungumzwi sana. Majirani wetu wa karibu katika mpira mkubwa hawako Kinshasa. Wako Zambia. Kupita Kasumbalesa, miji ya Copperbelt iko umbali wa safari ya gari: Ndola ya ZESCO United, Kitwe ya Nkana na Power Dynamos. Power Dynamos ilikuwa katika makundi ya Ligi ya Mabingwa msimu uleule wa Lupopo. Ni ukanda mmoja wa shaba, na ndugu wako pande zote mbili za mpaka.

Klabu kucheza nje ya nchi yake si hadithi. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, Al Hilal na Al Merrikh zilibaki bila ligi. Msimu wa 2024-2025 zilipokelewa katika ligi ya Mauritania kama wageni. Al Hilal, wakati huo chini ya kocha wetu Florent Ibenge, ilimaliza juu ya wote, lakini kwa kuwa ni mgeni, ubingwa ulipewa timu ya nyumbani. Msimu uliofuata klabu hizo mbili za Sudan zilipokelewa katika ligi ya Rwanda. Kwa hiyo sheria zinaruhusu, mashirikisho yakikubaliana na CAF ikitoa kibali.

Lubumbashi haihitaji kuhama Linafoot. Lakini kombe dogo la kila mwaka kati ya klabu za Katanga na za Copperbelt, kabla msimu haujaanza, lingegharimu mafuta ya basi badala ya tiketi za ndege. Lingewapa vijana wa Don Bosco na Lubumbashi Sport mechi za kimataifa ambazo hawazipati. Upanuzi wa namna hii unaanzia pale miguu inapofika.

Maswali manne kabla ya kusaini

African Football League inaweza kurudi kesho ikiwa na jina lingine na hesabu kubwa zaidi. Kamalondo itaitwa tena, na pengine safari hiyo Lupopo pia. Wakuu wa klabu, FECOFA na mkoa wanapaswa kuwa na maswali tayari.

La kwanza: mnunuzi ni nani, na amesaini? Hatutaki kuonyeshwa hesabu ya kile ligi inachoweza kuingiza. Tunataka kuona mkataba wa televisheni na wa wadhamini, na miaka yake.

La pili: mlango uko wapi? Bingwa wa Linafoot asiyealikwa anaingiaje, na aliyealikwa akicheza vibaya anatokaje? Kama jibu ni kwamba haingii mtu na hatoki mtu, basi Saint Peter's ya Lubumbashi imekwisha kufungiwa nje kabla haijazaliwa.

La tatu: mechi zitachezwa wapi? Mwaliko usiopata mechi hata moja katika mji wa klabu unaipa klabu pesa na kuunyima mji kila kitu. Kama uwanja hautoshi, sehemu ya pesa iandikwe katika mkataba kwa ajili ya kuutengeneza.

La nne: wanaobaki watapata nini? Mwaka 2022 kila shirikisho liliahidiwa milioni 1. Ahadi hiyo irudi katika maandishi, na isiishie katika ofisi za Kinshasa: sehemu ijulikane inakwenda kwa klabu za Likasi, Kolwezi, Kalemie na Kindu, ambazo zinalea wachezaji wanaochukuliwa na wakubwa.

Oregon State haikupata nafasi ya kuuliza maswali hayo. Iliamka siku moja mwezi wa Agosti 2023 ikakuta majirani wengi wameondoka. Sisi bado tuna muda. Linafoot, pamoja na udhaifu wake wote, bado ndiyo njia iliyompeleka Lupopo mbele ya Sundowns. Kabla ya kukubali kuchorewa ramani mpya, tuhakikishe kwamba njia hiyo haifutwi.